Kitambaa cha Manjano Kwenye Kitunga

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka hata harufu yake, mwanangu: harufu ya samaki wa moshi aliyelowa. Yule aliyekauka vizuri unamjua, anakufanya umeze mate ukiwa bado barabarani. Aliyelowa ni mwingine kabisa. Harufu yake inaanza kwa utamu kidogo, halafu inakugeukia. Mimi niliisikia harufu hiyo nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulifika mpaka kwenye msiba wa watu.

Ninakuandikia mimi bibi yako, Masengo, kwa sababu nikikuambia kwa mdomo utanijibu, "Nkambo, ngoya kidogo," na macho yako yatarudi kwenye simu. Karatasi haina haraka. Nakuandikia Kiswahili cha kitabu, kile masista walichotufundisha kwa fimbo, kwa hiyo usinicheke. Na wenzako wale mnaouza nao samaki kwa simu, wasomee pia. Wote ni wanangu, hata yule anayeniita Mama Kizee akidhani sisikii.

Jana nilikuona ukipanga makobo, samaki wale wapana, juu ya kitunga kile kinachokwenda Kolwezi. Wakubwa na wazuri uliwaweka juu, ukawapaka mafuta kidogo wang'ae, ukapiga picha, ukatuma. Nikakuuliza, "Na wale wa chini?" Ukacheka na kusema, "Nkambo, ya chini banaiona wapi?" Nilitaka kucheka nawe, ila kicheko hakikutoka. Jibu hilo ni langu. Nililitoa zamani kabla mama yako hajazaliwa, tofauti ni kwamba mimi sikulisema kwa sauti.

Nyumba niliyokulia ilikuwa ya Mama Mukubwa, dada wa mama yangu. Tulikaa hapa hapa Kenya, komini yetu hii ya Lubumbashi, si ile nchi ya mbali ambayo wageni wakiisikia wanatushangaa. Mama Mukubwa alikuwa na meza ya samaki sokoni. Mwanamke mfupi, mweusi, sauti yake ya chini, na akikukasirikia ilishuka chini zaidi mpaka ukalazimika kumsogelea ili usikie unavyogombezwa. Samaki wake walitoka Kasenga, kwenye mto Luapula. Wavuvi wa kule walikuwa wakiingia ziwani Moero kwa mitumbwi, wengine wakilala majuma kwenye kambi za visiwani, na wake zao ndio waliopasua samaki na kuwakausha juu ya moto wa kuni. Mama Mukubwa alikwenda mwenyewe kuwachagua, akawapakia kwenye vitunga, akarudi nao kwa kamiyo, lile lori la mizigo.

Sasa nikueleze jambo ambalo ninyi hamkulikuta. Kitunga kikishajaa, mdomo wake ulifunikwa kwa majani makavu ukashonwa kwa kamba, na kwenye fundo la mwisho mwenye mali alifunga kitambaa chake, ukanda uliokatwa kwenye kitenge chake cha zamani. Kila mama alikuwa na rangi yake. Cha Mama Mukubwa kilikuwa cha buluu. Sokoni wanunuzi walivifungua vitunga vya watu wengine, wakachomoa samaki mmoja mmoja, wakamvunja, wakamnusa, wakabishana. Wakiona buluu, walimwita mwenye mkokoteni na kubeba. Nilimwona mwanamke mmoja wa Kivu, mfanyabiashara mkubwa mwenye makamiyo yake, akinunua vitunga sita vya buluu bila kugusa hata kimoja. Nilikuwa mdogo, na nilidhani ile ni bahati.

Miguu ya Mama Mukubwa ilianza kuvimba. Siku moja alinikalisha jikoni.

"Mauwa," akasema, "miguu yangu imekatala. Safari iyi utaenda mwenyewe. Ukinirudishia samaki yangu muzuri, nitakupatia meza, na utafunga bitunga na kilamba yako."

Meza yangu! Kitambaa changu! Sikulala vizuri juma zima. Kabla hata ya kuondoka nilikwenda kununua kitenge kipya cha manjano, chenye maua makubwa, cha kuvaa siku nitakayosimama nyuma ya meza yangu. Nilikivaa mbele ya kioo, nikajigeuza huku na huku. Ungeniona ungecheka. Nilikuwa na maringo, mwanangu, tena maringo ya mtu ambaye bado hajauza hata mkia wa samaki.

Kasenga mambo yalikwenda sawa. Nilichagua vizuri, maana nilikuwa nimefundishwa vizuri. Nilimpinda samaki kusikia kama anavunjika au anakunjika, nikamnusa kwenye tumbo na kutazama chini ya mapezi. Nikajaza vitunga vitano, nikavishona, nikafunga buluu. Wanawake wa pale wakanisifu, na mimi nikazipokea sifa zote.

Mvua ilitukuta katikati ya njia. Barabara ile wakati huo ilikuwa udongo mwekundu mtupu, na kamiyo ilizama matairi mpaka kwenye vyuma. Bashi, lile turubai la kufunikia mizigo, lilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa juu ya kitunga changu kimoja. Vinne vilipona. Cha tano, nilipokishika ubavuni, mkono wangu ulitoka na maji.

Nilikifungua. Samaki wa upande mmoja walikuwa wamelowa mpaka ndani, laini kabisa. Nilijua la kufanya, usidhani sikujua. Unawatoa waliolowa, unaomba moto kwenye kijiji kilicho karibu, unawarudisha juu ya moshi mpaka wavunjike tena mkononi. Kazi ya siku mbili. Na samaki aliyelowa usimchanganye na mkavu hata kidogo, kwa sababu atampa maji yake, na joto la ndani ya kitunga litawaoza wote.

Nikamwendea shofere, dereva wetu, nikamwomba aningoje.

"Dada, mi siko hapa juu ya samaki yako moja," akanijibu. "Kamiyo ikitoka mu matope, tunaenda."

Ningeweza kubaki na kitunga kile na kupanda kamiyo nyingine. Vinne vingefika, cha tano kingefuata. Lakini niliona jinsi nitakavyoingia Kenya na vitunga vinne, Mama Mukubwa akiuliza, na mimi nikieleza, na meza ikisogezwa mpaka safari ijayo. Kitenge cha manjano kilikuwa kinaningoja kwenye sanduku. Basi nikawachanganya. Nikajidanganya kwamba wakavu watakunywa yale maji. Juu nikapanga makobo wazuri kuliko wote, nikarudisha majani, nikashona, na kwenye fundo nikafunga buluu ya Mama Mukubwa.

Tulipofika, alikuwa amekaa mlangoni miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alivihesabu kwa macho, vitano, akatabasamu.

"Mvula haikupata samaki?"

"Hapana, Mama Mukubwa. Yote iko muzuri."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Swali lilikuwa limefunguliwa mbele yangu, na beseni katikati yetu. Nikasema wote ni wazuri, nikaenda kumchotea maji mengine ya moto.

Siku ya tatu alikuja nyumbani Papa Mwalimu wa Kamalondo, komini ya jirani, mzee wa Kasai aliyefundisha shule, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku za kazi. Siku hiyo hakuwa amepiga pasi.

"Mama yangu amekufa," akamwambia Mama Mukubwa. "Bantu banakuya toka Likasi, toka Kipushi. Minaomba kitunga moja, ya kulisha bantu ku kilio."

"Pole sana, Papa. Uchague."

"Mi sichague. Nikiona kilamba yako, inatosha."

Akashika kilichokuwa karibu naye. Kilikuwa kile kile. Nilikijua kwa doa la matope ubavuni, doa ambalo nilikuwa nimelipangusa mara mbili. Mwanangu, mdomo wangu ulifunguka, halafu nikaufunga. Papa Mwalimu alinyoosha mikono, kitunga kilikuwa kizito, na mimi, Mauwa, nikainama upande wa pili nikamsaidia kukiinua. Nilimtwisha mfiwa uozo wangu kwa mikono yangu miwili. Miaka yote hii imepita, na bado nikishika kitunga kizito nauona mgongo wake ukitoka getini.

Waliomzika mama yake walirudi kutoka makaburini mchana wa kesho yake. Maji ya bukari, ugali wetu, yalikuwa yamechemka, watu wamejaa uani. Ndipo wapishi walipofungua kitunga. Baada ya muda mfupi mwanamke wa Kamalondo akaingia sokoni, jasho linamtoka, mkononi ana kifurushi cha jani la mgomba. Hakupiga kelele. Alikiweka juu ya meza, akakifungua mbele ya Mama Mukubwa. Nilijua kabla sijatazama. Harufu ilifika kwanza.

Mama Mukubwa alimgeuza samaki yule mmoja kwa kidole, akatazama funza, akatazama kitambaa chake cha buluu ambacho mwanamke yule alikuwa amekileta pia. Kisha akanitazama mimi. Alivuta kitunga kingine, akakata kamba, na mbele ya soko zima akamtoa samaki mmoja baada ya mwingine mpaka chini, akawanusa wote, akawarudisha. Hakuna aliyewahi kumwona akifungua kitunga chake mbele ya watu. Akaniambia nibebe, naye akatembea na miguu ile iliyovimba, kutoka Kenya mpaka Kamalondo, akisimama kila mara kushika ukuta wa mtu. Mimi nilikuwa nyuma yake na kitunga kichwani, na nilikuwa nalia, na mikono yangu yote miwili ilikuwa juu, sikuweza hata kujifuta.

Alipofika alimwendea Papa Mwalimu aliyekaa kati ya ndugu zake, akapiga magoti chini, mama mzima.

"Papa, ile kitunga ilitoka kwangu. Kosa iko yangu. Minakulomba unisamehe, na mama yako naye anisamehe."

Nilingoja ataje jina langu. Hakulitaja. Ningependa alitaje, mwanangu, ningependa anipige kofi mbele ya wote wale. Aliinuka, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaenda kwa wapishi kusaidia kuosha samaki. Tulipika mpaka wa mwisho akala. Kisha tukakibeba kile kibovu kurudi nyumbani.

Asubuhi yake ndiyo ile niliyokuambia naikumbuka kwa harufu. Kitunga kilikuwa katikati ya uwanja. Mama Mukubwa amekaa mbele yake.

"Vala kilamba yako ya mupya," akasema, kwa ile sauti ya chini. "Na ulete mukasi."

Nilivaa kitenge changu cha manjano, nikamletea mkasi. Akanivuta karibu kwa pindo, akakata. Alikata ukanda mrefu chini ya maua, krasha krasha, kitenge ambacho hakikuwa hata kimefuliwa mara moja.

"Kilamba yangu inasemaka nini?"

"Inasema samaki iko yako."

"Non. Kila muntu eko na samaki. Kilamba yangu inasema, mi niliangalia mpaka chini. We uliangalia mpaka chini?"

"Ndiyo, Mama Mukubwa."

"Uliona nini?"

Nikamwambia kila kitu. Tundu la bashi, shofere, matope, jinsi nilivyowachanganya, meza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bon," akasema. "Tangu leo kilamba yako njo itasema yenye macho yako iliona. Meza utapata, mi sigeuzake neno. Mais utaanza na iyi kitunga."

Tuliwamwaga wote chini. Wenye funza na waliooza tuliwachimbia shimo nyuma ya choo, na walikuwa wengi. Waliobaki wazima nilikaa nao kwenye moshi siku tatu, macho yangu mekundu, nikimgeuza kila mmoja. Walikauka, ila walikuwa wamevunjika, weusi, bila sura. Nikawabeba sokoni na kitambaa cha manjano ukingoni. Mama Mukubwa alinipa meza iliyo jirani na yake, na sharti moja, nimwambie kila anayesimama habari yote.

"Samaki ililowa mu njia!" nikaita. "Nimeikausha tena! Iko ya kuvunjika!"

Soko lilicheka, mwanangu. Mama mmoja alicheka mpaka akashika mgongo. Siku ya kwanza hakununua mtu. Siku ya pili alisimama Mama Sifa, mwenye malewa, kile kibanda cha chakula, pale njiani, aliyewauzia bukari mafundi wa magari. Alimgeuza samaki, akanitazama.

"Juu ya nini unajiharibia soko, mutoto?"

"Juu njo vile iko, mama."

Akamvunja mmoja, akamwonja. "Bon, mi minaitia mu supu, haina neno ikivunjika." Akachukua karibu wote. Juma lililofuata alirudi. Sasa nilikuwa na samaki wazuri, na nilipoanza kumfungulia akanikataza. "We ulinionyesha ya mubaya," akasema. "Ya muzuri utanidanganya juu ya nini?" Tangu siku hiyo Mama Sifa alikuwa wangu mpaka alipofunga malewa yake kwa uzee, na wengine wengi walikuja kwa sababu yake. Manjano yangu ilijulikana Kenya kwa kitunga kibovu. Najisifu? Ndiyo, najisifu, nimeifanyia kazi.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja niliyekuwa namwogopa. Mvua zilipita, zikaja tena, ndipo Papa Mwalimu aliposimama mbele ya meza yangu, suruali yake imepigwa pasi. Aligusa kitambaa.

"Iyi kilamba ya manjano iko ya nani?"

"Iko yangu, Papa." "Papa, ile kitunga ya kilio, Mama Mukubwa hakujua. Mi njo nilichanganya samaki ya kulowa, na siku ulibeba, nilijua."

Alikiachia kitambaa.

"Ma fille," akasema, akiniita binti yake, "mi nilijua. Ile siku uliniinulia kitunga, haukuniangalia mu macho. Mwalimu anajuaka mutoto wa vile." Akanyoosha mikono yake. "Bon. Niinulie ingine."

Nikamwambia angoje. Nilikata kamba, nikatoa makobo wa juu, na wa kati, mpaka nikagusa majani ya chini, na kila mmoja nikamwekea mbele ya macho yake. Alisimama akitazama bila haraka. Nilipomaliza na kushona tena, tuliinama pamoja, yeye huku, mimi kule, na nikamtazama usoni. Nililia tena siku ile, lakini kilio kile kilinipa nguvu.

Mama Mukubwa hakuwahi kumwambia mtu yeyote jina langu. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini siku ile ya msiba alijitwika kosa lote. Alinishangaa kana kwamba nimeuliza jua linatoka wapi. "Kilamba ilikuwa ya nani?" akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Sasa wewe, Masengo. Mtu wa Kolwezi hatamnusa samaki wako kwenye simu. Hatampinda kusikia kama anavunjika. Anatazama picha na jina lako, kisha anakuamini, kama Papa Mwalimu alivyoshika kitunga bila kukifungua. Picha yako ndiyo kitambaa chako. Kwa hiyo nakuagiza, na usinijibu "ngoya kidogo": kabla kitunga kile hakijapanda gari leo mchana, kimwage chini. Futa yale mafuta. Piga picha ya wa juu, piga ya kati, na ya chini kabisa, wale waliovunjika mikia. Zitume picha zote. Sema kwa sauti yako, hawa wazima, hawa wamevunjika, huyu sina hakika naye. Huenda huyo mteja akakataa. Mwache akatae, na wewe usimlaumu. Lakini atalishika jina lako, na siku atakapofiwa au kumwoza binti yake, atakutafuta wewe, na hatauliza picha. Nakuambia hili bila wasiwasi kabisa, kwa sababu limenilisha mimi, likamsomesha mama yako, likanunua hata hiyo simu.

Na ukikosea, maana utakosea, mvua ya njia haikosi, basi sema pale pale swali linapoulizwa, hata kama beseni la maji ya moto liko katikati. Usingoje mfiwa anyooshe mikono.

Nimeacha mkasi juu ya kiti changu. Chini yake kuna kitenge chako, kile cha kijani ulichonunua ukaficha ukidhani sijakiona. Kata ukanda mmoja kwenye pindo, ufunge kitunga chako. Utaumia kidogo kukikata. Mimi pia niliumia.

Mungu ayatazame macho yako yasichoke kufika chini ya kitunga. Mikono yako isinuke kamwe kitu ambacho mdomo wako umekificha. Mvua ikikukuta njiani, ikukute na ujasiri wa kufika na vitunga vinne. Kijani chako kijulikane Kenya, Kolwezi na mpaka Kasenga kwa wavuvi, na siku watu watakapokibeba bila kufungua, wewe uwe umeshakifungua.

Nkambo wako,
Mauwa